Tukaram wa Dehu na Mashairi Yaliyozamishwa Mtoni

Kati ya watakatifu washairi wa nchi ya Wamarathi, magharibi mwa India, Tukaram wa Dehu ndiye anayekaririwa kupita wengi. Inakubaliwa na wengi kwamba alizaliwa mwaka 1608, katika ukoo wa wakulima na wauza nafaka uliohesabiwa miongoni mwa Washudra, tabaka la chini. Njaa kuu ya Dekani, ya miaka 1630 hadi 1632, ilimwondolea mke wake wa kwanza na mtoto. Biashara nayo ikafilisika. Yasimuliwa kwamba aligawana na ndugu yake Kanhoba hati za madeni waliyowawia watu, kisha akalitupa fungu lake katika mto Indrayani. Mke wa pili, Jijabai, aliyebaki kuwatafutia watoto chakula, amefanywa na masimulizi kuwa mgomvi, pengine ameonewa.

Tukaram alimwimbia Vithoba, mungu wa Pandharpur, kwa tungo ziitwazo abhanga, katika Kimarathi cha sokoni na shambani. Wakuu wa dini waliitukuza Sanskriti. Hata hivyo, Dnyaneshwar alikuwa amekwisha kuifafanua Bhagavad Gita kwa Kimarathi mnamo 1290, naye alitoka katika ukoo wa Kibrahmini. Basi kosa la Tukaram halikuwa lugha peke yake, bali pia kinywa kilichoitumia.

Hadithi mashuhuri yaeleza kwamba Mbrahmini Rameshwar Bhatt alimwamuru azizamishe hati zake mtoni. Akatii, akafunga ukingoni siku 13, na hati zikaibuka bila kulowa. Bhatt mwenyewe akawa mfuasi. (Hati za madeni hazikuibuka, wala hakuna aliyeziombea.) Mwanahistoria hawezi kuuthibitisha muujiza huo, lakini anajua njia nyingine iliyoziokoa tungo: vinywa vya waimbaji, na kalamu ya Santaji Jagnade, mkamuaji mafuta. Bahinabai, mwanamke wa Kibrahmini, alimkubali Tukaram kuwa mwalimu wake, akasimulia maisha yake mwenyewe kwa mashairi. Ushahidi huo una uzito kuliko miujiza iliyokusanywa na Mahipati katika karne ya 18.

Tukaram alitoweka mnamo 1650. Wafuasi husema alipaa mbinguni na mwili wake. Wako waandishi waliodai kwamba aliuawa na maadui. Toleo lililochapwa Bombay kuanzia mwaka 1869 lina tungo zaidi ya 4.500, na kila mwaka mahujaji hutembea kwa miguu kutoka Dehu hadi Pandharpur, makubadhi yake yakitangulia katika machela ya fedha.