Kwa nini mboga nyingine zina nyuzi?

Swali hili nalisikia sana, Marikiti hata Kongowea: mbona mchicha umechemka muda wote huo na mashina bado yana nyuzi kama kamba? Wengi humlaumu mpishi. Mimi naona mpishi hana kosa. Tuliangalie shina lenyewe.

Shina lina kazi mbili. Ndani yake mna mirija myembamba inayopandisha maji kutoka mizizini na kusambaza sukari iliyotengenezwa na majani. Pia ndilo linalousimamisha mmea usilazwe na upepo, na kwa kazi hiyo lina nyuzi ndefu za selulosi. Mmea ukiwa mchanga nyuzi hizo ni laini. Ukikomaa, hasa ukikaribia kutoa maua, hujazwa lignini, kitu kile kile kinachoufanya mti kuwa mgumu. Ukame nao huharakisha mambo.

Maji ya moto huyeyusha pektini, yaani gundi inayoshikanisha seli za mboga, ndiyo maana jani hulainika upesi. Lignini haiyeyuki chunguni. Ongeza makaa, tia magadi, nyuzi zitabaki. Na magadi yatapunguza vitamini C na B1 za mboga yako.

Mfano mzuri ni mlenda. Mmea huo huo hulimwa India na Bangladesh kwa ajili ya nyuzi za juti, zile za magunia. Tofauti ni umri na sehemu inayotumika: sisi twala majani na vilele vichanga, wao huacha shina lirefuke, hulirowesha majini, kisha huambua nyuzi za gandani.

Basi ukienda sokoni, pinda shina. Likikatika upesi, chukua. Likijipinda tu bila kukatika, au ukiona maua, tumia majani peke yake. Mabenda nayo, jaribu ncha: ikivunjika kwa urahisi, bado ni machanga. Wenye bustani, mwagilieni na mchume vilele mapema, vingine vitachipua. Ikibidi kupika shina lililokomaa, limenye na ulikate vipande vifupi. Nyuzi hazitaisha, lakini hazitakwama kooni.

Nyuzi si sumu, tena husaidia kupata choo. Ila bibi asiye na meno na mtoto anayeanza kula hawaziwezi. Hao wawekewe majani machanga.