Kamera Iliyozaliwa na Bunduki

Husemwa kwamba kamera iliinyang'anya bunduki mbuga za Afrika Mashariki. Historia haikubali kirahisi hivyo. Carl Georg Schillings, Mjerumani aliyepiga picha za wanyama usiku kwa mwako wa unga wa magnesiamu katika koloni la Wajerumani, aliwafunga punda na ng'ombe hai kama chambo ili simba aje mbele ya lenzi. Na jina la kitabu chake cha mwaka 1905 liliweka mwako na bunduki bega kwa bega. Mpigapicha alikuwa mwindaji yuleyule, aliyeongeza tu aina ya mawindo anayorudi nayo kwao. Atauliza mtu: je, filamu ya Bernhard na Michael Grzimek kuhusu Serengeti, iliyotoka mwaka 1959 na kupata tuzo ya Oscar, haikuwafaa nyumbu? Iliwafaa, kwa kuwa ilivuta macho na fedha za Ulaya. Lakini mwaka huohuo Wamaasai waliondolewa katika hifadhi hiyo na kuhamishiwa upande wa Ngorongoro, na picha ya nyika tupu, isiyo na boma wala ng'ombe, ikachukuliwa kuwa ndiyo asili yenyewe.