Nani Aliyeandika Kwenye Daftari?

Kwa miaka mingi, katika hifadhidata ya RIPE, mamlaka ya anwani za intaneti, inayotunzwa Amsterdam, kulikuwa na neno la siri ambalo halikuwa siri hata kidogo. Lilikuwa na herufi nne tu, RPSL, na lilitangazwa waziwazi ili fundi yeyote duniani alitumie. Ukiwa nalo uliweza kuandika kwamba anwani fulani za intaneti hutangazwa na mtandao fulani, alimradi anwani hizo ziwe za nje ya Ulaya, Mashariki ya Kati na Asia ya Kati, yaani eneo linalosimamiwa na RIPE. Mafundi wa Afrika walikuwa miongoni mwa waliolitumia. Hawakuwa wahuni. Daftari lao wenyewe halikuwapo bado, ilhali mitandao mingi ya nje ilikuwa imeweka sharti: njia isiyoandikwa mahali haipitishwi.

Kila ninapolikumbuka neno hilo huwaza daftari la wageni getini. Mlinzi anakusogezea daftari na kalamu iliyofungwa kwa uzi, unaandika jina, namba ya simu, unakwenda kumwona nani na saa ya kuingia. Sijawahi kumwona mlinzi anayeipiga ile namba. Ukilipekua daftari lenyewe utashangaa ni mara ngapi rais wa Marekani amekuja kumwona mhasibu. Na bado bila kuandika huingii.

Chanzo cha yote haya ni karatasi za kupangusia mikono. Januari 1989, mjini Austin, Texas, wahandisi wa intaneti walikuwa na mkutano. Wakati wa chakula Kirk Lougheed wa Cisco na Yakov Rekhter wa IBM walichora juu ya karatasi hizo utaratibu wa ruta, mashine zinazoelekeza data, kupashana habari za njia. Ndio BGP, unaotumika mpaka leo. Kila mtandao una namba yake, na humwambia jirani: ukitaka kufika kwenye anwani hizi, pitia kwangu. Jirani husadiki, akampasha jirani wa tatu, naye wa nne. Popote katika mazungumzo hayo hakuna anayeuliza, "Una ushahidi?" Halikuwa kosa la uzembe. Wenye mitandao walikuwa wachache na walijuana, na wawili hao walikuwa wakitafuta dawa ya haraka kwa mtandao uliokuwa ukipanuka kwa kasi kuliko mipango yake.

Daftari la kwanza lenye meno lilikuwa la NSFNET, uti wa mgongo wa intaneti ya Marekani, ulioendeshwa na shirika la Merit la Michigan. Ruta za uti huo zilipangwa kutokana na orodha iliyotunzwa na Merit, hivyo mtandao usiokuwemo haukupita. Ulaya nako RIPE ilianza mwaka 1993 kuweka taratibu za kuandika sera za njia kwa lugha ambayo mashine ingeweza kuisoma. Aprili 1995 NSFNET ikazimwa, njia kuu zikabaki mikononi mwa kampuni za biashara. Merit iliendelea na daftari jipya, RADB, lililokuwa wazi kwa yeyote. Lakini aliyekuwa akilazimisha watu walifuate hakuwapo tena. Wengine waliandika, wengine hawakuandika, na hakuna aliyekagua kama mwandikaji ndiye mwenye anwani.

Tarehe 25 Aprili 1997 deni la kutokagua lilidaiwa. Ruta ya kampuni ndogo ya Virginia, yenye namba ya mtandao 7007, ilianza kuitangazia dunia kwamba yenyewe ndiyo njia ya kufikia sehemu kubwa ya intaneti. Tena ilizitangaza anwani hizo zikiwa zimekatwa vipande vidogo, na kanuni ya ruta ni kwamba kipande kidogo hushinda kikubwa. Data za watu zikamiminika huko na kupotea. Wenye kampuni waliichomoa ruta yenyewe, lakini uvumi ulikwisha kuenea; uliendelea kuzunguka kutoka ruta hadi ruta kwa saa kadhaa baada ya msemaji wa kwanza kunyamaza. Hakukuwa na hujuma, ni hitilafu tu.

Hapo tunazungumzia anwani. Upande wa pili wa habari ni kujuana: mtandao huu uko mji gani, uko kwenye kituo gani cha kubadilishana data, uko tayari kuungana na nani, na usiku wa manane ikiharibika umpigie nani. Kwa muda mrefu mambo hayo yalikaa kwenye majedwali ya kila kampuni, na kwenye simu za mafundi. Mwaka 2004 Mmarekani Richard Steenbergen alianzisha PeeringDB, daftari moja ambamo kila mtandao unajiandikia wenyewe. Liliendeshwa na watu wa kujitolea, na halikupata shirika rasmi lisilo la faida mpaka Desemba 2015.

Umuhimu wake unaeleweka ukijua jinsi mikataba ya fani hii ilivyo. Mwaka 2011 shirika la Packet Clearing House lilikusanya habari za makubaliano zaidi ya 142,000 ya kuunganisha mitandao. Yaliyokuwa na mkataba wa maandishi hayakufika hata asilimia moja. Mengine yote yalikuwa ya kupeana mikono. Biashara inayobeba benki na hospitali inaendeshwa kama mkopo wa sukari dukani kwa jirani.

Nairobi wanajua kwamba hata kupeana mikono kuna gharama yake. Novemba 2000 watoa huduma za intaneti wa Kenya walifungua kituo chao cha kubadilishana data, KIXP, ili barua pepe ya kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine isipande setilaiti na kuvuka bahari mara mbili. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya peke yake ya kupitisha mawasiliano ya kimataifa, ililalamika, na kabla mwezi haujaisha mdhibiti wa mawasiliano akakifunga. Kilirudi Februari 2002, safari hii na leseni. Kwa maneno mengine, kabla ya kugombana juu ya nani aandikwe kwenye daftari, ilibidi kwanza watu waruhusiwe kukutana.

PeeringDB ilipokua, swali la getini, nani hasa aliyeandika, likarudi. Jibu lake si la kishujaa, nami nalipenda kwa sababu hiyo. Anayetaka kuandika habari za mtandao fulani huangaliwa kama barua pepe yake inalingana na ile iliyosajiliwa kwa mamlaka iliyotoa namba ya mtandao huo. Isipolingana, mtu wa kujitolea hufuatilia kwa mkono. Kisha orodha ya kituo hulinganishwa na orodha ya mtandao. Kampuni inasema bado ipo kituoni, kituo kinasema anwani ile imekwisha kupewa mwingine. Ugomvi wa aina hiyo ungeonekana mdogo, lakini siku hizi mitandao mingi hupanga ruta zake kwa programu inayosoma daftari hilo moja kwa moja. Mstari uliosahaulika unaweza kuingia kwenye mashine usiku bila mtu kuusoma.

Kuhusu anwani, ilikuja aibu nyingine kubwa. Tarehe 24 Februari 2008 Pakistan iliamuru YouTube izuiwe nchini. Pakistan Telecom ikatangaza kipande kidogo cha anwani za YouTube kwa matumizi ya ndani, tangazo likavuja kupitia kampuni iliyoiunganisha na dunia, na kwa takriban saa mbili YouTube ikatoweka sehemu nyingi za dunia. Kipande kidogo kilikuwa kimeshinda tena, kama mwaka 1997.

Kuanzia 2011 mamlaka za kugawa anwani zilianza kutoa kitu kinachofanana zaidi na hati ya kiwanja kuliko daftari la wageni. Kinaitwa RPKI. Mwenye anwani hupewa cheti, naye hutia saini ya kidijitali tamko kwamba anwani hizi zitangazwe na namba hii tu, wala zisikatwe vipande vidogo kuliko kiasi hiki. Ruta ikisikia tangazo huuliza, nayo hujibiwa halali, batili au haijulikani. Mei 2024 zaidi ya nusu ya njia za anwani za toleo la nne zilikuwa na hati ya namna hiyo.

Hati hiyo huthibitisha njia inaanzia wapi. Inakopita ni jambo jingine. Novemba 2018 MainOne ya Nigeria, wakati wa kuboresha mtandao wake, ilikosea kichujio na kuvujisha njia za Google hadi China Telecom. Kwa dakika 74 data zilizunguka China. Mwanzo wa njia ulikuwa Google halisi, kwa hiyo hati isingekuwa na la kukataa.

Na kuna jambo zito zaidi: mtunza hati mwenyewe. AFRINIC, mamlaka ya anwani za Afrika iliyopo Ebene, Mauritius, ilifanya ukaguzi ulioonyesha kwamba anwani zaidi ya milioni 4 zilichukuliwa au kuchezewa isivyo halali katika kumbukumbu zake. Mlinzi unaweza kumlaumu kwa kutopiga simu. Kwa masijala inayobadilishwa kutoka ndani, hata saini ya kidijitali ingetolewa kwa mtu asiyestahili, na ingekuwa saini safi kabisa.

AFRINIC ilipofungua daftari lake la njia mwaka 2013, ililazimika kuwabembeleza wanachama wahamishe maandishi yao kutoka Amsterdam. Septemba 2018 RIPE ilifunga mlango wa neno RPSL. Maandishi ya zamani hayakufutwa, yalitengwa kwenye fungu lililoitwa RIPE-NONAUTH, yaani yasiyo na mwenye mamlaka. Baadaye jumuiya ya RIPE ilikubaliana utaratibu wa kuyapunguza: mwenye anwani akitia saini hati inayopingana na mstari wa zamani, wahusika huarifiwa, muda ukipita mstari ule huondolewa.