Gita, sikio na nguvu ya sauti: kutoka gita kavu ya Katanga mpaka kurekodi nyumbani

Tukizungumza juu ya muziki wa kwetu, tunataja wapigaji, waimbaji na nyimbo. Ni vema. Lakini kuko jambo moja tunalolisahau, na bila lile hatuwezi kuelewa sababu gani gita inalia tamu katika chumba cha kijana, kisha siku ya ndoa, ku bafle kubwa, inakuwa kelele tupu. Jambo lile ni nguvu ya sauti. Sisemi nguvu ya mupigaji. Ninasema nguvu ambayo mutu anasikilizia wakati anapochagua namna gita italia.

Siku hizi katika muji wa Kamina, kijana akiwa na ordinatere, ekuteri na gita moja ya umeme, anaweza kukamata wimbo muzima pasipo kutoka nyumbani. Mbele, kazi ile ilikuwa ya studio za Léopoldville ao ya wazungu waliopita na mashini zao. Basi nyimbo zinazorekodiwa leo katika vyumba vyetu njo zitakuwa kumbukumbu yetu kesho. Inafaa tujue zinatengenezwa kwa sikio gani.

1. Wakati nguvu ilikuwa katika mukono

Kamina si mugeni katika mambo ya kurekodi. Ni hapa ambapo padri Guido Haazen, Mufransisko wa Ubelgiji, aliunda kundi la Troubadours du Roi Baudouin, watoto wa shule pamoja na walimu wao. Missa Luba iliimbwa mara ya kwanza katika misioni ya Mutakatifu Bavo tarehe 23 Machi 1958, na mwaka ule ule kundi lilisafiri Ulaya, na sauti zao zikaandikwa ku sahani za Philips. Katika muziki kama ule wa sauti na ngoma, hakuna butoni ya kupandisha wala kushusha. Mupiga ngoma anapima mukono wake ili waimbaji wasikike, na waimbaji wanasikilizana. Nguvu na utamu vinatoka pamoja.

Vilevile gita kavu. Mwenda Jean Bosco, muzaliwa wa Bunkeya mwaka 1930, alikuwa akipiga kwa vidole viwili tu, kidole gumba na kile cha kwanza, lakini musikilizaji alisema kuko magita mawili. Hugh Tracey alimukuta Jadotville, leo Likasi, mwaka 1952, akakamata sauti yake, na wimbo « Masanga » ukatembea Afrika na Ulaya. Nyuma yake Mwenda alifika Nairobi, na mwaka 1969 alipiga ku festivali ya Newport, Marekani.

Tuangalie vizuri ile gita kavu. Sauti yake haiwezi kupita kipimo fulani. Watu wanaketi karibu, sawa vile wanavyoketi kwa mazungumzo. Kwa hiyo mupigaji, mwenye kukamata sauti na musikilizaji wote watatu wanasikia karibu nguvu moja. Tracey mwenyewe alikuwa na desturi ya kushika mikro kwa mukono, akiisogeza mpaka apate mahali pazuri. Hakugeuza gita, aligeuza umbali.

Sahani zile zilipigwa mingi ku gramofoni za kuzungusha kwa mukono. Hazikuwa na butoni ya sauti. Mutu aliyetaka sauti kubwa alitia sindano nene; aliyetaka sauti ndogo, sindano nyembamba. Mashini ile haikulia mingi kupita muzee mwenye gita uani. Njo maana wazee wetu wanasema sahani za zamani « zilikuwa kama mutu mwenyewe iko pale ». Si kwa sababu mashini zilikuwa nzuri kupita za leo. Ni kwa sababu nguvu ya kusikiliza ilikuwa karibu sawa na nguvu ya kupiga.

2. Umeme unatenga mukono na nguvu

Mwaka 1953 mupiga gita wa jazz kutoka Ubelgiji, Bill Alexandre, alifika Léopoldville kwa kazi ya nyumba ya sahani CEFA, na gita ya umeme ikaingia pamoja naye. Mwaka ule ule kijana Franco alianza kurekodi kwa Loningisa. Mwaka 1956 OK Jazz ilizaliwa. Mwaka 1960 African Jazz, pamoja na gita ya Docteur Nico, ilirekodi « Indépendance Cha Cha » kule Bruxelles. Kwa miaka michache tu gita ilitoka uani na kuingia ku bar, mbele ya watu wanaocheza.

Pale kitu kimoja kikubwa kiligeuka. Ku gita ya umeme, mukono hauamue tena nguvu peke yake. Kuko ampli. Mupigaji anaweza kugusa kamba pole na sauti ikafika upande mwingine wa barabara. Tena ampli ya taa, ile ya zamani, haiko kama ndoo inayobeba maji tu. Ukiifungua kidogo inatoa sauti safi. Ukiifungua mingi inachoka, inaminya sauti, inatia ukali na joto. Bafle nayo inageuza tabia, na hewa inayotoka inarudi kutetemesha kamba za gita. Basi « sauti ya gita » si ya gita tena. Ni ya gita, ampli, bafle na chumba, kwa nguvu fulani.

Kundi la Konono Nº 1 la Kinshasa, lililoanzishwa na Mingiedi Mawangu katika miaka ya 1960, linatupa fundisho hata kama si la gita. Likembe ni chombo cha sauti ndogo. Walipotaka kushinda kelele za muji, waliitia mikro za kujitengenezea na bafle za nguvu. Sauti ilikwaruza, lakini ule mukwaruzo ukawa uzuri wake, na sahani « Congotronics » ikatoka mwaka 2004. Nguvu ilizaa sauti mupya.

3. Sikio nalo linageuza

Mpaka hapa tumesema juu ya mashini. Lakini hata kama mashini haigeuke, sikio linageuza. Mwaka 1933, kule Marekani, Fletcher na Munson wa Bell waliweka watu na ekuteri, wakawasikilizisha sauti mbalimbali na kuuliza: hii na ile, nguvu ni sawa? Walivumbua kwamba sikio halipime sauti zote kwa mizani moja. Kazi ile ilisahihishwa mara mingi, na kipimo cha mataifa kinachoitwa ISO 226 kilitengenezwa upya mwaka 2003, tena mwaka 2023.

Kwa kifupi ni hivi. Kamata sauti ya katikati, inayotetemeka mara 1000 kwa sekunde, na sauti nzito, inayotetemeka mara 100. Kama unasikiliza polepole, sauti ya katikati ikiwa na desibeli 40, ile nzito inaomba karibu desibeli 24 zaidi ili uisikie kuwa sawa. Lakini ukisikiliza kwa nguvu, sauti ya katikati ikiwa na desibeli 80, ile nzito inaomba karibu 12 tu. Maana yake: ukishusha sauti, uzito unatoroka mbele ya vingine. Ukipandisha, uzito unarudi. Na zile sauti nyembamba kabisa zinafanya karibu vile vile, kwa kipimo kidogo.

Musomaji anaweza kuhakikisha mwenyewe. Weka wimbo wa rumba ku bafle, kisha shusha sauti pole pole. Gita-besi inapotea ya kwanza. Sauti ya mwimbaji na gita ya solo zinabaki. Hakuna mutu aliyegusa wimbo. Wale waliokuwa na redio-kaseti za miaka ya 1980 wanakumbuka butoni yenye andiko « loudness ». Kazi yake ilikuwa ile tu: kuongeza uzito wakati mutu anasikiliza polepole.

Sasa tukumbuke kwamba kamba nene ya gita, ikiwa wazi, inatetemeka karibu mara 82 kwa sekunde. Iko sawasawa katika ile sehemu ambayo sikio linaipoteza.

4. Makosa mawili ya chumba

Tuone kijana anayerekodi usiku, wakati watoto wamelala. Anasikiliza polepole. Gita inaonekana nyembamba, haina mwili. Anaongeza uzito, anaongeza sauti kali za juu, na anapunguza za katikati kwa sababu zinamuchokoza. Katika chumba, gita inakuwa nzuri kabisa, pana, yenye kung'aa. Kisha wimbo unapelekwa ku bafle za ndoa. Pale, kwa nguvu kubwa, sikio linarudisha uzito ambao lilikuwa limeficha, juu ya ule alioongeza yeye. Gita inavuma kama pipa, inakanyaga gita-besi, na noti za solo hazionekane.

Kosa la pili ni kinyume. Mwingine anafungua ekuteri mpaka mwisho. Kila kitu kinajaa, basi anakata uzito na kuacha gita kavu kama mufupa. Asubuhi, mutu anayesikiliza ku simu, kwa sauti ndogo, anauliza: gita iko wapi?

Kwa muziki wetu kosa la kwanza linaumiza zaidi. Katika rumba na katika seben hatuna gita moja. Kuko ya solo, ya kusindikiza, na mara mingi mi-solo katikati yao. Kila moja inapata nafasi yake katika zile sauti za katikati. Ukizitoa kwa sababu chumbani zinakuwa kali, umewatoa wapigaji wako mezani. Ile sauti pana inayopendeza kwa mutu peke yake inapotea mara moja ngoma na besi zikiingia.

Programu za siku hizi zinazoiga ampli zinaongeza mutego mwingine. Zinatoa mufano wa ampli iliyofunguliwa mingi, lakini wewe unaisikiliza kwa nguvu ya mazungumzo. Mashini inapiga kelele, sikio linasikia minong'ono. Usishangae kama haifanane.

5. Namna ya kutenda

Dawa si kununua vyombo vya bei. Kwanza, chagua nguvu moja na uiweke alama ku butoni, hata kwa kalamu. Mafundi wengi katika vyumba vidogo wanakaa kati ya desibeli 70 na 80. Ni kusema, mutu aliye pembeni anaweza kukusemesha akiinua sauti kidogo tu. Tengeneza sauti ya gita kwa nguvu ile, siku zote.

Pili, nyuma ya kutengeneza, hakikisha mara tatu: polepole sana, kwa nguvu kwa dakika moja ao mbili, na ku simu. Kama gita inabaki gita katika zote tatu, umefika.

Tatu, usihukumu gita ikiwa peke yake. Fungua ngoma, besi na sauti ya mwimbaji, kisha gusa butoni.

Ine, ukilinganisha sauti mbili, zisawazishe nguvu kwanza. Sikio linapenda ile inayolia zaidi kidogo, hata kama si nzuri zaidi. Watu mingi wanasema « hii ni tamu » wakati walitaka kusema « hii ni kubwa ».

Tano, weka pembeni sahani moja unayoijua vizuri, uisikilize kwa nguvu ile ile. Itakurudisha kila mara sikio linapochoka.

Na sikio linachoka kweli. Kwa wafanyakazi wa mashini, kipimo kinachofuatwa katika inchi nyingi ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila ukiongeza 3, wakati unakatwa nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2. Ukifika 100 imebaki dakika 15. Mwenye kulala na ekuteri zikilia anakula urizi wake. Nyuzi za ndani ya sikio zikikufa hazioti tena, na za kwanza kwenda ni zile za sauti nyembamba. Mutu yule atazidi kuongeza ukali katika gita yake, akifikiri mashini haiko vizuri.

Neno la mwisho

Wazee wa gita kavu hawakusoma ISO 226. Hawakuwa na haja nayo, kwa sababu waliketi karibu na watu waliowapigia, na nguvu ilikuwa moja kwa wote. Umeme ulivunja ule ukaribu. Kijana anapiga peke yake, na watu watamusikiliza mahali asipowaona: ku bafle ya ndoa, ku redio, ku simu ya mama anayepika. Kazi yake ni kuwafikiria wale watu wakati anapogusa butoni.

Hili linatuhusu siye pia katika mashirika ya desturi. Bado wako wazee hapa Haut-Lomami wanaojua kupiga gita ya vidole. Tukienda kukamata sauti zao, tufanye kama Tracey: tusogeze mikro, tusikilize kwa nguvu ya mazungumzo, nguvu ile ile ambayo muzee anapigia, na tusiongeze uzito wala ukali kwa kufurahisha ekuteri zetu. Watakaokuja wataweza kuongeza wakitaka. Lakini sauti ya kwanza ikiharibika, hakuna butoni ya kuirudisha.