Dada wa Kazi kati ya Hisani na Haki: Ufadhili wa Msaada wa Kisheria Kinondoni na Temeke

Mhamiaji wa kazi aliye karibu zaidi na mkazi wa Dar es Salaam hana pasipoti. Ni dada wa kazi aliyeshuka basi kutoka Iringa, Dodoma au Singida, akapokelewa na ndugu au dalali na kufikishwa Mbagala, Tandika, Mwananyamala au Tegeta. Hakuvuka mpaka wa nchi, lakini anakolala ni kwa mwajiri, na akiachishwa kazi saa tatu usiku amekosa kazi na pa kulala kwa neno moja.

Sheria haikumsahau. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 inamhesabu kuwa mfanyakazi kama wengine. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida anayeishi kwa mwajiri, na 120,000 kwa asiyeishi humo. Tofauti hiyo inaonyesha jinsi godoro na ugali vilivyokwisha kutiwa bei. Kifungu cha 15 cha Sheria hiyo ya 2004 kina nguvu kuliko wengi wanavyodhani: mwajiri asipoonyesha maelezo ya ajira kwa maandishi, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha sharti la ajira linalodaiwa. Kwa hiyo, kukosa mkataba wa maandishi hakumwangushi dada. Kinachomwangusha ni muda, kwa kuwa lalamiko la kuachishwa kazi hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na siku hizo huishia kwenye kutafuta nauli ya kurudi kwao.

Kizuizi kingine ni hisani yenyewe. “Tunamlea kama mwanetu” ni kauli ya kweli katika nyumba nyingi. Wapo waliopelekwa kujifunza cherehani, wapo waliouguzwa kwa moyo. Lakini kauli hiyohiyo hugeuza sabuni, kitenge cha Idi na simu iliyochakaa kuwa malipo, na anayeuliza mshahara wa miezi mitatu huonekana hana shukrani. Mwana hadai mshahara kwa mama yake.

Hapo ndipo ufadhili wa haki za binadamu unapoachana na sadaka. Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake (WLAC) cha Kinondoni na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC), kilichoanzishwa mwaka 1995, vimetumia fedha za wafadhili kuwapa wasio na uwezo wakili, na kuwafunza wasaidizi wa kisheria wa mitaani. Mfuko wa LSF, ulioanza mwaka 2011, ulieneza wasaidizi hao katika wilaya nyingi, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ikawatambua rasmi. Shirika la KIWOHEDE la Buguruni hupokea wasichana waliotoroka utumikishwaji.

Kazi yenyewe haina makuu. Msaidizi wa kisheria hufungua daftari, huomba simu ya dada, kisha hupekua ujumbe wa M-Pesa: kiasi kilekile kutoka namba ileile kila mwisho wa mwezi, mara nyingi kikienda moja kwa moja kwa mama kijijini. Ushahidi wa ajira umepatikana. Inafuata barua ya wito kupitia ofisi ya serikali ya mtaa, na waajiri wengine hulipa kabla ya kufika Tume, kwa kuogopa aibu ya majirani kuliko hukumu.

Udhaifu uko kwenye kalenda. Mradi wa miaka miwili au mitatu humfunza msaidizi na kumwacha bila nauli, na kukatwa kwa misaada ya Marekani mwaka 2025 kulionyesha hatari ya kutegemea hazina ya mbali. Ada za wanachama wa CHODAWU, chama kinachowaandikisha wafanyakazi wa majumbani, ni msingi imara zaidi, ingawa ni mwembamba kwa mtu wa mshahara mdogo. Michango ya wenyeji ingeweza kuziba pengo. Jiji linalochangishana mamilioni kwa harusi ya usiku mmoja halina uhaba wa kamati.

Pengo kubwa liko kwenye malazi. Usuluhishi katika Tume hupewa siku 30, na mdai aliyefukuzwa Mbagala anahitaji kitanda, chakula na nauli za kufika kwenye vikao. Anayekosa hivyo hupanda basi la kurudi Singida, na shauri lake hufutwa kwa kutohudhuria.