Cefalù: Kaburi la Mfalme na Uso wa Bwana



Juma hili tunawaalika mtembee nasi hadi Cefalù, mji mdogo wa kale katika pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Sicilia, nchini Italia, yapata kilometa 70 mashariki ya Palermo. Mgeni hauoni mji kwanza, bali mlima. Ni jabali moja lenye kimo cha mita zipatazo 270, lililosimama wima kando ya bahari, na nyumba zimejibanza miguuni pake. Jina Cefalù lenyewe latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kichwa.

Tulipanda jabali hilo polepole, tukayapita magofu ya jengo la kale sana liitwalo hekalu la Diana. Kutoka juu tuliona mapaa ya vigae, bahari, na minara miwili ya Kanisa Kuu. Mji huu umepita katika mikono mingi: Wagiriki, Warumi, Wabizanti, kisha Waarabu walioutwaa mwaka 858, na hatimaye Wanormani mwaka 1063.

Kanisa Kuu hilo lilianza kujengwa mwaka 1131 kwa amri ya Mfalme Roger II. Mapokeo yasema kwamba mfalme alikumbwa na dhoruba baharini, akaweka nadhiri ya kumjengea Bwana Mwokozi kanisa mahali atakapofika salama, naye akafika Cefalù. Ni simulizi tamu. Lakini historia yatuonyesha pia mambo mengine yaliyokuwa moyoni mwa mfalme.

Mwaka 1130 Kanisa liligawanyika, wakachaguliwa watu wawili, kila mmoja akidai kuwa Papa: Innocent II na Anacletus II. Roger alimuunga mkono Anacletus, ambaye Kanisa halimhesabu kuwa Papa halali, na kutoka kwake akapata taji la ufalme, akavikwa siku ya Noeli mwaka huo huo. Ni Anacletus aliyeifanya Cefalù kuwa jimbo mwaka 1131. Innocent alimtambua Roger kuwa mfalme mwaka 1139 tu, baada ya kutekwa na jeshi lake. Jimbo la Cefalù lilisubiri zaidi: askofu wake alitambuliwa na Roma mwaka 1166, chini ya Papa Alexander III. Kwa miaka 35 waamini walisali chini ya kuta zilizozaliwa katika mfarakano.

Tena, mfalme alitaka azikwe humo. Mwaka 1145 aliweka kanisani majeneza mawili ya jiwe jekundu la porfiri, jiwe la wafalme: moja kwa ajili ya mwili wake, la pili kwa kumbukumbu ya jina lake na utukufu wa kanisa. Alipofariki mwaka 1154 alizikwa Palermo. Na mwaka 1215 mjukuu wake, Frederick II, aliyahamisha majeneza yote mawili hadi Palermo. Yeye mwenyewe amelala ndani ya mojawapo.

Basi Cefalù imebaki na nini? Ingieni nasi, mtazame juu ya altare. Katika kuba la apsi yuko Kristo Mtawala wa vyote, aliyetengenezwa kwa vipande vidogo vidogo vya rangi na dhahabu, kazi iliyokamilika mwaka 1148. Mkono wa kuume wabariki. Wa kushoto washika Injili iliyofunguliwa katika sura ya 8 ya Yohane, pale Bwana anapojitambulisha kuwa mwanga wa ulimwengu. Ukurasa mmoja umeandikwa kwa Kigiriki, wa pili kwa Kilatini, kwa maana watu wa lugha zote mbili waliishi katika ufalme ule. Chini yake Mama Maria amesimama akisali kati ya malaika wakuu wanne. Tulikaa mbele ya uso huo muda mrefu, bila kusema neno.

Ndugu zangu, nasi tunajenga makanisa kwa michango ya jumuiya zetu. Nasi tunajua magomvi yake: jina la nani liandikwe kwenye jiwe la msingi, nani akae kiti cha mbele, nani hakutajwa siku ya kutabaruku. Cefalù haituambii kwamba nia mbaya si kitu. Miaka ile 35 ilikuwa jeraha katika mwili wa Kristo. Yatuambia kwamba Mungu aweza kuipokea sadaka iliyochanganyika na majivuno, akaitakasa taratibu, mpaka jina la mtoaji lififie na uso wa Bwana ubaki.

Kanisa lile limewekwa chini ya fumbo la Kugeuka Sura kwa Bwana. Petro naye, kule mlimani, alitaka kujenga vibanda vitatu. Hakujenga hata kimoja. Wanafunzi walipoinua macho, aliyebaki mbele yao alikuwa Yesu tu. Tunapotoa mchango wetu Dominika hii, tuombe neema ya kuridhika na hilo.

Bwana awabariki nyote.