Mtori wa Ughaibuni: Safari Ndefu ya Ndizi Zetu

Kila mkutano wa chama chetu ukihudhuriwa na ndugu waliotoka nje ya nchi, mazungumzo huanza na taarifa ya mapato na matumizi na kuishia kwenye ndizi. Nani alizipata wapi, kwa bei gani, na je, zilikubali kupondeka au ziligoma sufuriani? Mwaka huu tumeona tuandike historia fupi ya jambo hilo. Lina uhusiano mkubwa na mchango tunaouomba kuliko wengi wetu wanavyodhani.

Nyumbani hatukuwahi kuzitafuta. Kihamba kilianzia mlangoni. Migomba juu, kahawa chini ya kivuli chake, magimbi kandokando ya mfongo, ng'ombe bandani akila majani na magogo ya migomba, na samadi yake ikirudi kwenye mashina yaleyale. Mama zetu walijua kila mgomba kwa jina na kwa kazi yake. Mshare ulikuwa wa mtori na machalari, kwa sababu unalainika na kushika mchuzi. Kisukari kiliachwa kiive kwa ajili ya watoto. Ndizi za mbege zilivunwa na kuivishwa kwa utaratibu wake, zikapikwa, zikasubiri uji wa kimea cha ulezi na uchungu wa gamba la msesewa. Mzazi aliyejifungua alipewa mtori hadi anyanyuke. Kiburu kilipikwa kwa maharage na magadi. Mtu aliyekosea ndizi, akaweka ya kuiva mahali pa mshare, aliambiwa palepale.

Katika karne ya 19 wageni ndio waliotafuta chakula kwetu. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani iliyokuwa ikienda bara ilipita chini ya mlima na kununua chakula kwa wazee wetu. Reli ya kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, njia ikafunguka pande zote mbili, na watu wetu nao wakaanza kuondoka.

Kilichowaondoa wengi kilikuwa shule, na kilicholipa shule kilikuwa kahawa. Wakulima wa mlimani waliunda chama chao, KNPA, mwaka 1925, na mwaka 1933 ikaanzishwa KNCU. Fedha za kahawa zilijenga madarasa na kulipa ada za vijana wengi. Sisi tunaoishi kwa kupiga hesabu hupenda kukumbusha kwamba kahawa ile ilikua chini ya kivuli cha mgomba, ikilishwa na samadi iliyotokana na majani ya mgomba. Kwa hiyo hata ada iliyotutoa nyumbani ina deni kwa mgomba, ingawa hakuna daftari lililowahi kuliandika.

Waliokwenda Makerere walikuwa na bahati. Kampala ni mji wa matoke. Huko ndizi hupondwa na kufukizwa ndani ya majani ya mgomba, zikaletwa mezani kavu, na mchuzi pembeni. Kwa mtu wa Machame au Kilema hiyo ilikuwa nusu ya nyumbani: ndizi zipo, lakini zimenyimwa mchuzi. Mabishano ya nani anajua kupika ndizi kati ya Mganda na Mchagga ni ya tangu enzi hizo, na hatutayamaliza katika kijarida hiki.

Wengine walipelekwa mbali zaidi bila kuulizwa. Vita ya Pili ya Dunia iliwachukua askari wa Afrika Mashariki hadi Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana mwaka 1944. Migomba waliyoiona kule haikuwa migeni kabisa. Asili ya ndizi zote tunazokula ni Asia ya kusini mashariki na visiwa vyake. Zilifika kwetu kwa njia ya Bahari ya Hindi karne nyingi zilizopita, zikapanda hadi mlimani na kupata majina ya Kichagga. Askari wetu walikuwa wamefika upande wa wajomba wa migomba yao.

Baada ya Uhuru vijana wakasambaa. Kulikuwa na Chuo Kikuu cha Urafiki huko Moscow, kilichofunguliwa mwaka 1960 na baadaye kupewa jina la Patrice Lumumba. Kulikuwa na vyuo vya Ujerumani ya Mashariki, ambako ndizi zilikuwa adimu hata kwa wenyeji, na zilipofika dukani watu walipanga foleni. Mwanafunzi wa kutoka Moshi aliyesimama kwenye foleni ile, halafu akaondoka na ndizi chache za kuiva, alikuwa na cha kusimulia akirudi. Huko mtori ulikuwa wa viazi mviringo. Tuseme ukweli, supu ya viazi ni supu ya viazi.

Uingereza mambo yalibadilika kwa sababu ambayo wengi wetu hatuijui. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda kwa muda wa siku 90, na zaidi ya 27,000 kati yao wakapokelewa Uingereza. Wengi walikaa Leicester na London. Watu hawa walikuwa wamezaliwa na kukulia Afrika Mashariki. Walipofungua maduka yao waliuza vyakula walivyovizoea, na ndani yake mkawamo muhogo na matoke. Hadi leo katika migahawa yao muhogo wa kukaanga unaitwa "mogo", na mlaji Mwingereza hajui kwamba anatamka Kiswahili. Mtanzania aliyefika London na kuona kichane kibichi cha matoke kilichosafiri kwa ndege kutoka Entebbe anapaswa kuwakumbuka watu hao waliofukuzwa.

Leo anayetafuta ana pa kuanzia. London, masoko ya Brixton, Peckham na Ridley Road kule Dalston yana maduka ya Waafrika na ya watu wa visiwa vya Karibi. Magimbi yamo humo, na kwa Wahindi pia. Mchicha unauzwa na Wajamaika kwa jina la "callaloo". Ulezi uko kwenye duka lolote la Kihindi kwa jina la "ragi", ila anayetaka kimea lazima apate punje nzima, kwa kuwa unga hauoti. Msesewa hauko popote, ndiyo maana mbege nyingi za ughaibuni ni tamu mno. Mnafu usiutafute: wenyeji wa huko wanauhesabu kuwa gugu, na wengine wanaamini ni sumu.

Ndizi ndiyo kazi. Ile ya njano ya dukani husafirishwa kutoka Amerika ya Kati na ya Kusini ikiwa mbichi, ndani ya ubaridi wa nyuzijoto 13 au 14, kisha hufungiwa chumbani na kutiwa gesi ya ethilini ili iive kwa siku inayotakiwa. Ikishaonja gesi hiyo, hata ikiwa bado kijani kidogo, imekwisha anza utamu, na mtori wake unakuwa kama uji wa mtoto. Ile kubwa inayopendwa na Waafrika Magharibi ni jamii ya mzuzu. Ni nzuri kwa kukaanga, lakini ukiipika kwa nyama inabaki ngumu na kavu. Ndugu zetu wa Marekani wamegundua maduka ya Walatini, ambako ndizi mbichi kabisa zinauzwa kwa jina la "guineo", kwa sababu Wapuertoriko na Wadominika nao huzichemsha. Huo ndio mtori wa Houston na wa Minneapolis: guineo, nyama ya ng'ombe, kitunguu, siagi, na mwiko wa mti uliosafiri ndani ya begi. Mgeni ataupenda, na mama aliyekuja kumwangalia mjukuu ataula na kushukuru. Halafu atauliza kwa upole kama mshare haupatikani.

Haupatikani, hapo ndipo habari yetu inapogeukia nyumbani. Hata sisi wa Dar es Salaam, ambao mbali kwetu ni safari ya basi ya mchana mmoja, tunajua tofauti hiyo. Pale Mabibo, Mahakama ya Ndizi, mikungu hushuka kutoka Kilimanjaro, Mbeya na Kagera, na mnunuzi asiyejua kutofautisha huuziwa chochote. Wengi bado tunategemea gunia linalopakiwa Moshi na ndugu, likiwa na jina letu limeandikwa kwa kalamu nene.

Wataalamu wa vinasaba wamefuatilia ukoo wa ndizi ya biashara, ile Cavendish ya njano, na kukuta kwamba sehemu ya uzazi wake inahusiana kwa karibu na ndizi za kundi la Mlali, zinazopatikana Zanzibar na Komoro. Mlali ni ndugu wa mshare. Kwa maneno mengine, ndizi ya London inayotukatisha tamaa ni binamu wa ile tunayoililia. Tena mshare wenyewe umeshahamia ng'ambo kwa njia yake. Katika mji wa Leuven, Ubelgiji, iko hazina ya kimataifa ya migomba iliyoanzishwa mwaka 1985, inayohifadhi zaidi ya aina 1,500 kama vichipukizi vidogo ndani ya vioo. Aina za kundi la mshare zimo.

Kwa nini mtu ahifadhi mgomba kwenye kioo? Kwa sababu ndizi tunazokula hazina mbegu za kuweka ghalani. Mgomba huendelea kwa chipukizi lililong'olewa kwenye shina la mama yake, na shina la mwisho likifa, aina hiyo imekwisha. Maadui wako tayari: fukusi, minyoo fundo, na ugonjwa wa Panama, ule mnyauko unaoletwa na kuvu wa udongoni ambao katikati ya karne iliyopita uliiondoa Gros Michel katika biashara ya dunia. Mshare hauwezi kuukabili ugonjwa huo. Aina yake mpya na kali zaidi ilithibitishwa kaskazini mwa Msumbiji mwaka 2013. Watafiti wa IITA na TARI kule Arusha na Tengeru wanazalisha mshare chotara wenye kustahimili, na tunawaombea heri, lakini kazi hiyo huchukua miaka mingi.

Adui mwingine ni sisi kuondoka. Makubaliano ya kimataifa ya kahawa yalipovunjika mwaka 1989 bei ilianguka, na vijana wengi wakaona mlima hauwalipi. Anayebaki kihambani ni mama mwenye miaka 70. Hawezi kukata majani ya kutosha, kwa hiyo ng'ombe anauzwa. Ng'ombe akienda, samadi inakwenda, na mgomba unapungua unene mwaka hadi mwaka. Mfongo usiposafishwa na wengi kwa pamoja huziba. Kisha sisi tunarudi Desemba, tunagawana kihamba, na kila mmoja anajenga nyumba ya vyumba vitano inayofunguliwa wiki mbili kwa mwaka. Na penye msingi wa nyumba palikuwa na migomba.

Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu, huko Uru, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye umuhimu duniani. Heshima hiyo haileti samadi.

Ndiyo sababu mwaka huu kamati imetenga mafungu mawili ambayo hayakuwahi kuwamo katika bajeti yetu. La kwanza ni la kusafisha na kujengea kingo mfongo wetu mkuu, kazi itakayofanywa na wanakijiji wenyewe kwa posho. La pili ni kitalu cha machipukizi safi ya mshare, kuanzia mshare laini na mlelembo, pamoja na aina nyingine zinazoanza kuwa nadra, kwenye eneo la shule ya msingi. Mama watatu wenye ujuzi wamekubali kuzitambua kwa majina.

Tunachohitaji kwanza ni shina la kuanzia. Kama kihambani kwa wazazi wako bado kuna mgomba wa aina ambayo huioni tena kwa majirani, tafadhali piga simu nyumbani wiki hii, uliza jina lake, na umwombe mzee asiung'oe. Andika jina hilo nyuma ya fomu ya mchango iliyoko ukurasa wa mwisho, pamoja na jina la kitongoji. Kamati itapita kuchukua machipukizi kabla ya mvua za masika.